Ngazi ya Nusu Digrii

Tajiri wa karakana alinyoosha mkono, akaichomoa penseli kwenye sikio la Fundi na kumpa binti aliyekuja juzi kutoka chuo cha ufundi. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama mtu anayehamisha kikombe kutoka meza hii kwenda ile.

"Kuanzia leo alama atachora huyu," alisema. "Wewe utakata anapochora."

Randa zilinyamaza. Mafundi wengine wakajifanya wanatafuta kitu kwenye maranda. Fundi alikuwa na miaka hamsini na moja, na ngazi alizotengeneza zilikanyagwa katika nyumba nyingi kuliko alizoweza kuzikumbuka. Aligusa sikio lililobaki tupu.

"Nimekosea wapi, bosi?"

"Hujakosea. Ni hawa watu wa majengo mapya. Wanataka ngazi arobaini, na kila anayechora alama awe na cheti. Si mimi, ni wao. Mtihani uko wiki tatu zijazo, pale chuoni. Upande wa vitendo sina wasiwasi na wewe. Ila kuna karatasi ya hesabu." Tajiri alikohoa. "Msio na cheti nawaruhusu kila siku saa sita mchana mkasome. Atakayeshindwa atabaki kubeba mbao. Sina la kufanya."

Binti wa chuo aliishika penseli kwa vidole viwili, kama kitu cha moto. "Samahani, mzee," alinong'ona.

Neno hilo, mzee, ndilo lililomchoma Fundi kuliko yote.

*

Nyumbani hapakuwa na mtu saa ile isipokuwa mama mkwe wake, na mlango wa chumba chake ulikuwa na pazia tu. Mkewe, Mama Mapacha, alikuwa kazini, kwenye tanuri la mikate, alikokwenda kabla ya mapambazuko na kurudi saa kumi. Watoto wao, mapacha wa kike, walishaondoka nyumbani, mmoja kwa mumewe na mwingine kazini mji wa mbali. Katika kopo la vifaa vyao vya shule Fundi alikuta kikokotoo chenye mfuniko wa kuteleza, namba tano imefifia kwa kubonyezwa.

Alikiweka mezani kando ya karatasi ya mtihani wa zamani aliyopewa na tajiri. Swali la kwanza lilikuwa la ngazi. Kutoka sakafu ya chini hadi ya juu ni sentimita 272. Ngazi inachukua sentimita 400 za sakafu. Tafuta urefu wa mbao ya ubavu. Fundi alijua kuipata mbao hiyo bila shida. Angechora ngazi nzima kwa chaki chini ya karakana, kwa ukubwa wake halisi, kisha angepima kwa futikamba. Lakini mtihani haukuwa na sakafu. Ulikuwa na kanuni: zidisha kila kipimo kwa chenyewe, jumlisha, kisha toa kipeuo cha pili.

Alibonyeza alama ya kipeuo, halafu namba moja baada ya nyingine, huku akizitaja kwa sauti ya chini. Jibu lilipotoka alilisoma kwa sauti ili aliamini.

"Laki moja na elfu sitini, mia mbili sabini na mbili."

"Sentimita?" sauti iliuliza nyuma ya pazia.

Fundi aliruka kidogo kwenye kiti. "Sentimita, Mama."

"Basi hiyo ni kilomita moja na nusu na zaidi. Ngazi hiyo unaipeleka wapi, mbinguni?"

Mama mkwe huyu alifundisha hesabu miaka thelathini na moja, na tangu alipostaafu na kuhamia kwao watu wote walimwita Mwalimu, hata binti yake akiwa amekasirika. Yeye na Fundi waliishi kwa adabu kubwa mno. Shikamoo asubuhi, pole na kazi jioni, katikati hapana kitu. Siku Fundi alipokwenda kuposa, Mwalimu alimuuliza saba mara nane ni ngapi, naye kwa woga akajibu hamsini na nne. Jambo hilo halikusemwa tena kwa miaka ishirini na minne, na hakuna aliyelisahau.

Pazia lilisogea. Mwalimu alitoka akipapasa ukuta kwa kiganja, akavuta kiti na kukaa.

"Umeiambia itoe kipeuo cha ile ya kwanza peke yake, halafu ijumlishe ya pili. Imefanya ulivyoiambia. Mashine haina akili, baba, ina utii. Kama unataka ishughulikie vitu viwili kwa pamoja, vifungie kwenye mabano. Futa. Kipeuo, fungua mabano."

"Mabano yako wapi?"

"Mstari ulio juu ya saba, nane, tisa. Lete hapa." Hakungoja aletewe. Alikichukua kikokotoo, vidole vikatembea juu yake kama vya mtu anayechambua mchele, vikasimama. "Hapa kufungua, hapa kufunga."

Fundi alibonyeza kama alivyoambiwa. "Mia nne themanini na tatu nukta saba moja tisa."

"Kwa mazoea yako ungekata ngapi?"

Alitafakari, macho yakiwa darini. "Mia nne themanini na nne. Halafu ningepunguza kwa randa mpaka ikae."

Mwalimu aligonga meza kwa kidole. "Si mbaya," alisema. Fundi hakukumbuka siku nyingine aliyowahi kuambiwa hivyo na mdomo ule.

*

Wakawa wanasoma kila mchana, saa saba hadi saa tisa na nusu. Mwalimu alikuwa mkali, na ukali wake haukuchagua aliyezaa na binti yake.

"Kila kitufe kina kazi mbili," alimwambia siku ya pili. "Ya kwanza imeandikwa mwilini mwake, ya pili imeandikwa juu yake kwa rangi. Ukitaka ile ya pili, unatangulia kubonyeza shifti. Tanjenti peke yake, unampa pembe anakupa mgawanyo. Shifti kisha tanjenti, unampa mgawanyo anakurudishia pembe. Mgawanyo wa nini?"

"Wa kimo kwa upana."

"Upana wa nini? Wa suruali?"

"Wa kidato, Mama. Pale mguu unapokanyaga."

Alimfundisha kuhifadhi namba kwenye kumbukumbu ya mashine badala ya kuiandika pembeni mwa karatasi na kuinakili vibaya. Alimfundisha kitufe kinacholirudisha jibu lililopita, ili asilikate nusu njiani. Fundi alikuwa na tabia ya kutupa namba zote zilizo nyuma ya nukta, kwa kuwa msumeno wake, alisema, hauna habari nazo. "Msumeno hauna," Mwalimu alijibu. "Mtahini anazo. Kata mwishoni, usikate katikati."

Mwalimu naye alikuwa na lake la kujifunza. Siku moja swali lilisema vidato kumi na sita vyenye kimo cha sentimita kumi na tano, na kidato cha mwisho sentimita ishirini na moja. Mwalimu alikokotoa jumla yake haraka, ikawa sahihi. Fundi akakataa kuiandika.

"Kuna nini tena?"

"Hii ngazi itaua mtu, Mama. Mguu unazoea. Ukipanda kumi na tano mara kumi na sita, unapofika kwenye ishirini na moja unajikwaa. Vidato lazima vilingane. Swali limekosewa."

"Maswali hayakosewi," alisema Mwalimu. Lakini baadaye alisikika chumbani akinyanyua mguu na kuushusha, akinyanyua na kuushusha.

Siku ya tisa Fundi alikwenda kunywa maji jikoni akiwa ameacha kikokotoo mezani katikati ya hesabu. Aliporudi kilikuwa kimejizima chenyewe, kama vinavyofanya vikiachwa. Kabla hajasema, Mwalimu aliinamia kioo, akakunja uso kama mtu anayesoma, akatikisa kichwa.

"Haya, jibu ndilo hilo. Umeona?"

Fundi alikitazama kioo. Kilikuwa cheupe, hakina hata nukta. Akamtazama mama mkwe wake, na mambo mengi yakajipanga yenyewe kichwani: kiganja ukutani, chumvi iliyozidi, magazeti aliyosema yanamchosha, miwani aliyoacha kuitafuta.

"Mama," alisema polepole, "imezimika."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Si umeiacha sasa hivi?"

"Macho, Mama."

Mwalimu alivuta mtandio wake mabegani. "La kushoto huu mwaka wa tatu tangu liende. La kulia naona mwanga na vivuli. Wewe hapo ni kivuli kirefu." Akapapasa kikokotoo, akakigeuza chali, akakigeuza tena. "Vitufe navijua kwa vidole. Hiki ni cha aina ile ile niliyowafundishia watoto. Bahati tu."

"Mama Mapacha anajua?"

"Na hatajua. Akijua ataacha kazi anilinde. Dada yangu alilindwa hivyo. Walikuwa wanamlisha kwa kijiko na mikono yake mizima." Akakisukuma kikokotoo upande wa Fundi. "Wewe una lako, mimi nina langu. Mimi sikumwambia mtu kwamba hujui mabano."

Maji yalikuwa yamemfika Fundi shingoni. Mtihani ulikuwa siku kumi na mbili tu mbele. Akakiwasha tena kikokotoo, na hilo likawa ndiyo.

*

Mchana wa kuamkia mtihani, Mwalimu aliingia jikoni kumimina chai kwenye chupa. Fundi alisikia birika likigonga sinki, halafu pumzi ikivutwa kwa meno. Alipofika alimkuta amesimama wima, kifundo cha mkono wa kushoto kimeiva chekundu, maji ya moto yanatiririka sakafuni. Hakulia. Fundi aliushika mkono ule, akauweka chini ya bomba, wakasimama hivyo, maji yakipita.

Mkewe aliwakuta hapo hapo. Siku hiyo unga ulikuwa umechelewa kufika kwenye tanuri, wakaruhusiwa mapema.

"Ulikuwa unamimina wapi, mama?"

"Mkono umeteleza."

Mama Mapacha alitazama chupa ya chai. Ilikuwa imesimama upande mmoja wa meza, na maji yalikuwa yamemwagika upande mwingine, mbali nayo. Alimgeuza mama yake uso kwa uso, akainua mkono uliokuwa bado na unga kwenye kucha.

"Vidole vingapi?"

"Usinifanyie mtihani. Mwalimu ni mimi."

"Vingapi, mama?"

Bomba lilikuwa bado linamwaga. Fundi alilifunga.

"Sijui," alisema Mwalimu.

Mama Mapacha alishusha mkono. Akageuka kwa mumewe, na kabla hajauliza aliona jibu usoni mwake, kwa kuwa Fundi hakuwahi kujua kuficha kitu.

"Ulijua."

"Siku kadhaa tu."

"Naamka nyota zikiwa juu kwenda kukanda unga. Narudi, natandika kitanda chake, namfulia, nampakulia. Na mimi ndiye sijui. Wewe uliyekuwa hata hukai naye sebuleni, wewe unajua." Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mnakula njama ndani ya nyumba yangu. Leo ni mkono. Kesho angekuwa ameanguka barabarani, ungeniambia nini? Kwamba mlikuwa mnafanya hesabu?"

"Nilimkataza mimi," alisema Mwalimu.

"Yeye si mtoto wa kukatazwa."

Fundi alijua vizuri kwa nini alinyamaza. Alimhitaji Mwalimu, na aliogopa kwamba siri ikitoka, masomo nayo yatakoma. Aliliona hilo sasa kama mtu anayeona ufa kwenye mbao aliyokwisha kuipiga msasa.

"Nimekosa," alisema. "Nilijifikiria mimi."

Mkewe alipita katikati yao, akaenda kutafuta dawa ya kupaka mkono. Hakuna aliyefungua kitabu tena siku ile.

Asubuhi Fundi alikuta shati lake limepigwa pasi, limetundikwa nyuma ya kiti, na mkate umefungwa kwenye karatasi. Mkewe alikwisha kwenda kazini bila kumwamsha. Hakujua kama huo ulikuwa msamaha ama ni mazoea tu. Alivaa shati.

*

Mlangoni mwa ukumbi wa mtihani msimamizi alimzuia kwa kalamu.

"Vikokotoo vya nje haviruhusiwi. Vipo vya chuo, chukua kimoja kwenye sanduku."

Fundi alikiacha cha mapacha kwenye meza ya nje, akachukua kilichobaki, chenye kioo kilichopasuka pembeni. Vitufe havikukaa vilevile, lakini vyote vilikuwepo. Ukumbini walikuwa kama thelathini, wengi wao umri wa watoto wake. Binti wa chuo hakuwepo, yeye cheti alishapata. Mafundi wenzake wawili walikaa mbele, mabega yamekaza.

Maswali matatu ya kwanza yalikwenda. Alifungua mabano, akayafunga, akahifadhi kwenye kumbukumbu, akakata mwishoni. La nne lilikuwa la ngazi: kimo cha kidato sentimita 17, upana sentimita 25. Tafuta mwinuko wa ngazi kwa digrii. Je, unazidi thelathini na nane?

Alikaribia kutabasamu. Shifti, tanjenti, fungua mabano, kumi na saba gawa kwa ishirini na tano, funga. Kioo kikajibu: 0.597.

Alifuta, akarudia kidole kwa kidole. Kikajibu vilevile.

Jambo la kwanza alilofikiria ni kwamba kosa ni lake, kwa sababu miaka yote penye karatasi kosa lilikuwa lake. Angeandika 0.597 na kusonga mbele. Jirani yake alikuwa anageuza ukurasa. Kalamu yake iligusa karatasi, ikaandika sifuri, ikasimama.

Nusu digrii. Alijaribu kuiona. Ngazi ya nusu digrii si ngazi, ni sakafu. Ukiweka gololi juu yake itasita kama iende ama ibaki. Na yeye kumi na saba kwa ishirini na tano aliijua miguuni, aliipanda kila siku alipokwenda kuweka mbao ghalani. Alichukua karatasi ya rafu, akakunja pembe yake sehemu tatu sawasawa kama anavyofanya fundi asiye na kipimapembe, akapata theluthi ya pembe mraba, yaani thelathini. Akachora kimo na upana kwa rula, akaweka mkunjo juu ya mchoro. Mstari wake ulipita juu ya mkunjo kidogo. Thelathini na nne, hivi, ama tano. Mikono yake ilijua. Kilichokosea ni mashine.

Aliinua mkono. "Samahani, bwana, mashine hii mbovu."

Msimamizi alikuja, akabonyeza mbili jumlisha mbili, akamwonyesha nne. "Ni nzima, mzee. Kama mtu hajui kuitumia, hilo si tatizo la chuo." Nyuma kuna waliocheka puani.

Haya, Fundi alijiambia, tuiulize kitu ninachokijua. Kimo kikilingana na upana, pembe ni arobaini na tano, na mgawanyo ni moja. Hilo halihitaji shule. Akabonyeza tanjenti, arobaini na tano. Kioo kikasema 1.6198.

Basi haikuwa mbovu na haikuwa nzima. Ilikuwa inaongea kipimo kingine, kama mtu anayekwambia urefu kwa futi wewe ukidhani ni mita. Alikisogeza kioo karibu na macho. Juu kabisa, penye herufi ndogo ambazo hakuwahi kuzijali, palikuwa na R. Cha nyumbani kilikuwa na D pale. Alikuwa na uhakika, maana aliitazama wiki tatu bila kujua anatazama nini. D ya digrii. R hakuijua ni ya nani, wala haikumhusu.

Alibonyeza modi, kitufe ambacho hakuwahi kukigusa, mara moja, yakaja mambo asiyoyaelewa. Akabonyeza tena. Yakatokea maneno matatu mafupi yenye namba moja, mbili, tatu chini yake, na la kwanza lilianza na D. Akachagua moja. R ikaondoka. Tanjenti, arobaini na tano: 1. Moja tupu, isiyo na mkia.

Kisha ngazi: 34.2157.

Fundi aliandika, akaongeza kwa maneno kwamba haizidi. Mikono ilikuwa imelowa jasho, akaifuta kwenye shati. Kengele ilipolia swali la mwisho lilikuwa limefika nusu.

*

Aliporudi aliwakuta wote wawili mezani, mama na binti. Mkono wa Mwalimu ulikuwa umefungwa kitambaa cheupe. Mama Mapacha alikuwa ameomba ruhusa kazini, akarudi mapema. Alikuwa amechana nywele za mama yake na kuzisuka, na inaonekana walikuwa wameongea mengi, kwa sababu macho ya wote yalikuwa mekundu.

"Kaa," mkewe alisema, akamsogezea kiti kwa mguu. Fundi alishukuru kwa kiti kile kuliko ambavyo angeshukuru kwa maneno. "Kesho kutwa tunampeleka kliniki ya macho. Sote. Amekubali. Na mimi siachi kazi, hilo nalo tumekubaliana."

"Kijiko nitashika mwenyewe," aliongeza Mwalimu.

"Kijiko atashika mwenyewe," mkewe alisema. "Haya, tuambie wewe."

Aliwasimulia. Alipofika kwenye gololi mkewe alicheka, kicheko kidogo kilichotoroka. Alipofika kwenye herufi R, Mwalimu aliinua uso.

"Rediani," alisema. "Ni kipimo kingine cha pembe. Kila mwaka, somo la kwanza kabisa, niliwaambia watoto watazame juu ya kioo kabla hawajabonyeza chochote. Wewe sikukwambia."

"Hukuiona, Mama."

"Kuona sihitaji. Nilijua ipo. Lakini mwanzoni nilihofia ungegundua kwamba sioni kioo, kwa hiyo kila kilichohusu kioo nilikiruka. Na hata ulipojua, sikurudi nyuma kukwambia." Alikunja kona ya kitambaa cha meza kwa vidole. "Ungefeli kwa ajili ya aibu yangu. Nisamehe, mwanangu."

Fundi alikosa pa kuweka mikono. Mwishowe aliiweka mezani, karibu na mkono wa Mwalimu. "Sikufeli bado," alisema.

"Ulifikaje kwenye arobaini na tano?"

"Nilitafuta ngazi ninayoijua."

Mwalimu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeonja kitu. "Hilo mimi sikukufundisha," alisema. "Na lilikuwa zuri."

*

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye haraka. Alimulika jicho la kushoto, akamulika la kulia, akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, na kwamba aliye na mtoto wa jicho hana sababu ya kukaa gizani miaka mitatu isipokuwa ukaidi. Mwalimu hakubisha. La kulia lilipangwa kwanza, likawekwa kwenye foleni, wakangoja wiki sita.

Katika wiki hizo matokeo ya chuo yalitoka. Fundi alipata sitini na nne, na alama ya kupita ilikuwa hamsini. Tajiri alimpa mkono mbele ya wote, akamkabidhi ngazi ishirini za majengo mapya. Ishirini nyingine zilikuwa za binti wa chuo. Wawili hao walizoea kukaguana kabla msumeno haujagusa mbao, yeye kwa namba, Fundi kwa jicho, kisha wakabadilishana. Binti alimwita mzee bado. Fundi akaona neno halina tena makali yake, ama labda sikio ndilo lililokomaa. Mwenzake mmoja alishindwa kwa alama chache, na mtihani wa marudio ulikuwa mbele. Mchana sasa Fundi alikuwa akija naye nyumbani, na Mwalimu aliwafungulia wote mlango mwenyewe, akianza kwa kuwaambia watazame juu ya kioo.

Siku moja baada ya upasuaji muuguzi alimkalisha Mwalimu kwenye benchi la ukumbini, akabandua plasta taratibu, akaondoa pamba. Mama Mapacha alikuwa ameshika mfuko wa nguo mlangoni, hathubutu kusogea. Fundi alikaa kando, kofia mkononi.

Mwalimu alipepesa. Jicho lilitokwa machozi, akalifuta. Alitazama ukuta kwanza, kama mtu asiyetaka kuharakisha, akatazama sakafu yenye vigae, akatazama mlango na binti yake aliyesimama humo, akamtazama kwa muda mrefu sana. Kisha akageuka kwa aliyekuwa karibu.

"Umezeeka, Fundi," alisema.

"Nilizeeka polepole, Mama. Hukuwepo."

Alicheka, na alipomaliza akanyoosha mkono. "Ile barua ya chuo unayo?"

Alikuwa nayo mfukoni, imekunjwa mara nne. Alimpa. Mwalimu aliisogeza mbali, akairudisha karibu, akapata mahali herufi zilipotulia. Alisoma kila kitu, jina la chuo, tarehe, muhuri, akashuka kwenye orodha ya alama swali kwa swali.

"Hapa," alisema, ukucha ukigonga karatasi. "Swali la tano wamekunyima alama tatu. Kwa nini?"

"La tano lilikuwa la paa."

"Lisome kichwani mwako, uniambie lilivyosema."

Fundi alisogea, akaanza kulichora kwa kidole kwenye goti la suruali yake, hapa ukuta, hapa boriti, pembe iko hapa. Mwalimu aliinama kufuata kidole kile.

"Jamani, muuguzi anasema twende," aliita Mama Mapacha kutoka mlangoni.

Wote wawili, bila kuinua vichwa, walimwonyesha kiganja kwamba angoje.